Virusi Vingapi, na Vingapi Vinaambukiza?

Mkulima aliyewahi kuumizwa na mbegu mbovu hapandi kwa kuamini gunia. Anahesabu punje mia za mahindi, anazikunja ndani ya kitambaa kilicholoa, anasubiri siku tano au sita, kisha anafungua na kuhesabu zilizochomoza mizizi. Gunia linaweza kuwa na kilo zake kamili, punje zikapendeza machoni, na bado nusu yake isiote. Mizani imesema kweli. Ila mkulima hakuwa anauliza uzito.

Virusi navyo vina mizani na vina kitambaa. Mizani ni PCR, kipimo kinachosaka kipande cha jeni za kirusi na kukizidisha mpaka kionekane. Kitambaa ni kuvipanda virusi kwenye seli hai na kungoja kuona ni vingapi vitaota. Tangu 2020 karibu kila mtu Afrika Mashariki anaijua mizani, maana wengi iliwaingia puani. Kitambaa wanakijua watu wa maabara, na hata wao wanabishana juu yake. Ubishi huo haukuishia maabara. Umeamua nani akae karantini kwa muda gani, dereva yupi arudishwe mpakani, na kichupa kimoja cha chanjo kigawiwe watu wangapi.

Wapo wanaosema kinachoambukiza ni chembe nzima yenye uwezo wa kuingia kwenye seli na kuzaana, kwa hiyo kuhesabu vipande vya jeni ni kuwaonea watu. Na wapo wanaojibu kwamba kipimo cha seli ni cha polepole, ni ghali, ni kigeugeu, na kinavikosa virusi vingi vilivyo salama kabisa. Afadhali kipande unachokiona leo kuliko uhai utakaouthibitisha wiki ijayo. Mimi nimeegemea upande wa kwanza kwa muda mrefu. Bado naegemea, ingawa si kwa uhakika ule wa zamani.

Tuanze na kitambaa chenyewe. Mwaka 1917 Félix d'Hérelle, akiwa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, alieleza habari za virusi vinavyoua bakteria na kuacha madoa mang'avu kwenye sahani, na akaona kwamba kila doa ni kazi ya chembe moja na uzao wake. Virusi vya wanyama na watu vilichelewa kupata kipimo cha namna hiyo mpaka 1952, Renato Dulbecco, Mwitaliano aliyekuwa akifanya kazi chuo cha Caltech, California, alipokifanikisha kwa seli za kiinitete cha kuku. Fedha za utafiti wa virusi pale zilitoka kwa tajiri mmoja aliyekuwa anateswa na mkanda wa jeshi. Tutarudi kwenye ugonjwa wa tajiri huyo.

Kazi yenyewe ni ya mikono na subira. Sahani ya plastiki ina visima sita, na sakafu ya kila kisima imetandikwa seli zilizobanana kama zulia, zimefunikwa maji ya pinki yenye chakula chao. Fundi anachukua sampuli, anaizimua mara kumi, anachukua sehemu ya hiyo na kuizimua mara kumi tena, hivyo hivyo mpaka afike mara milioni. Kila hatua inapata kisima chake. Anasubiri kama saa moja virusi vishike, kisha anamwagia ute mzito ulio vuguvugu. Ute huo ndio akili ya kipimo kizima: virusi vitakavyozaliwa haviwezi kuelea mpaka upande wa pili wa kisima, vinaweza kuvamia seli za jirani tu. Baada ya siku chache anauondoa na kutia rangi ya zambarau. Seli zilizo hai zinashika rangi. Zilipokufa panabaki peupe, duara dogo kama kipara kichwani. Wataalamu huita plaki. Nami sioni kwa nini tusiseme vipara.

Kwenye kisima cha kwanza zulia lote limekwisha, hakuna cha kuhesabu. Cha mwisho ni zambarau tupu. Katikati, tuseme kwenye kile kilichozimuliwa mara 100,000, kuna vipara 37. Kama fundi alitia sehemu ya kumi ya mililita, hesabu ni 37 mara 10 mara 100,000. Yaani chembe milioni 37 zilizoota katika kila mililita ya sampuli ya mwanzo. Ni hesabu ya darasa la saba, na bado naiona kuwa moja ya hesabu nzuri kuliko zote katika biolojia, kwa sababu kila tarakimu yake imetokana na kitu kilichotokea kweli mbele ya macho.

Dulbecco aliona jambo jingine. Ukipunguza sampuli nusu, vipara hupungua nusu. Ingekuwa chembe mbili zinahitajika kushirikiana ili kuua sehemu moja, vingepungua mpaka robo. Basi chembe moja inatosha.

Sasa ipeleke sampuli hiyohiyo kwenye darubini ya elektroni uhesabu chembe moja moja. Unapata namba nyingine kabisa. Kwa baadhi ya virusi vya bakteria karibu kila chembe huacha kipara. Kwa mafua unahitaji makumi ya chembe kupata kipara kimoja. Kwa polio ni kati ya 30 na 1,000. Kwa kirusi cha tetekuwanga, kilekile kinachojificha mwilini na kuibuka uzeeni kama mkanda wa jeshi, makadirio yanafika 40,000. Ugonjwa wa yule tajiri umo miongoni mwa vinara wa kutokuota.

Hapa ndipo lugha inapotuponza. Tukisikia chembe moja kati ya elfu imeota, tunasema zile 999 zimekufa. Si lazima. Nyingine ni mbovu kweli: virusi vya RNA hujinakili kwa makosa mengi, na kirusi cha mafua, ambacho jeni zake zimegawanyika vipande vinane, hutoa chembe nyingi zinazoshindwa kuonyesha kazi ya kipande kimoja au zaidi. Lakini nyingine ni nzima kabisa na zimeshindwa njiani. Moja imegonga plastiki. Moja imenasa kwenye mabaki ya seli iliyokwisha kufa. Moja imeingia ndani, ikazimwa na kinga ya seli kabla ya kunakili chochote. Punje nzima iliyodondokea kwenye mwamba haioti, na kosa si la punje. Na kirusi kilichoshindwa kwenye sahani kinaweza kufaulu puani mwa mtu.

Hilo lilinifanya nianze kutazama udongo badala ya mbegu. Seli zinazotumika zaidi duniani kwa kazi hii zinaitwa Vero. Zilitolewa mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Chiba, Japani, kwenye figo la kima wa kijani wa Afrika, jamaa wa tumbili wanaotuibia mahindi shambani. Jina limefupishwa kutoka maneno ya Kiesperanto yenye maana ya figo la kijani, na kwa lugha hiyohiyo vero ni ukweli. Wamejipendelea kidogo. Seli za Vero hazitengenezi interferoni, kengele ya kwanza ambayo seli ya kawaida huipiga ikivamiwa. Ni nyumba isiyo na mlango. Virusi vingi huota humo kwa raha kuliko vinavyoweza kuota kooni mwa mtu mzima mwenye afya. Virusi vingine haviwezi kuota humo hata kimoja.

Norovirusi, kinachosababisha kuhara na kutapika kunakoangusha shule na meli nzima kwa siku mbili, hakikuweza kukuzwa vizuri maabara mpaka 2016, wanasayansi walipofaulu kukipanda kwenye vijiutumbo vidogo vilivyokuzwa kutoka kwa binadamu. Kwa miongo kadhaa, kama ungeuliza zulia la seli ni norovirusi vingapi vinaambukiza, lingekujibu sifuri, huku watu wakiugua kwa mamilioni. Zaidi ya hapo, mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba norovirusi na rotavirusi, kirusi kingine cha kuhara, hutoka mwilini vikiwa vimefungashwa pamoja ndani ya vifuko. Kifuko kizima kikitua kwenye seli moja, kipara ni kimoja. Mkulima anayetia punje mbili kila shimo anaijua shida hiyo: ukihesabu mashina hujui ni punje ngapi zilizoota.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa VVU. Mtu anayetumia dawa vizuri hubaki na virusi vilivyolala ndani ya seli chache, na ndivyo vinavyorudi akiacha dawa. Anayetafuta tiba ya kuponya kabisa lazima ajue ni vingapi. PCR ilitoa namba. Kipimo cha kuziamsha seli na kuona ni zipi zinatoa virusi kilitoa namba ndogo zaidi ya mara mia. Watu wa upande wangu walishangilia: mnaona, karibu vyote ni mizoga. Mwaka 2013 kundi la Robert Siliciano, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, likachukua virusi 213 ambavyo viligoma kuamka na kuvisoma jeni zake. Asilimia 88 na kitu vilikuwa vibovu kweli. Asilimia 11.7 vilikuwa vizima. Havikuamka siku ile, basi. Hakuna aliyeweza kuahidi kwamba havitaamka kesho. Watafiti wakakadiria kwamba ghala la virusi vilivyolala linaweza kuwa kubwa mpaka mara 60 kuliko kipimo cha kuamsha kilivyoonyesha. Kumbe mizani ilizidisha na kitambaa kilipunguza, na ukweli ulikuwa katikati mahali ambapo hakuna kipimo kilichosimama.

Pamoja na hayo, PCR ilipewa mwaka 2020 kazi ambayo haikuumbiwa.

Tazama hesabu yake. Kila mzunguko wa mashine unazidisha vipande mara mbili hivi. Sampuli yenye virusi vingi huonekana mapema, tuseme mzunguko wa 17. Yenye mabaki machache huonekana mzunguko wa 37. Tofauti ni mizunguko 20, na mbili ukiizidisha mara 20 inapita milioni moja. Watu wawili wanaotofautiana mara milioni walipewa cheti chenye neno lilelile, na mara nyingi namba ya mzunguko haikuandikwa mahali popote ambapo wangeweza kuiona.

Ushahidi ulikuja mapema. Katika wagonjwa tisa wa kwanza wa korona waliofuatiliwa kwa karibu huko Munich, Ujerumani, virusi viliota kutoka kooni na kwenye makohozi katika wiki ya kwanza. Baada ya siku ya nane havikuota tena, ingawa PCR iliendelea kuona jeni nyingi tu. Korea Kusini kulizuka hofu ya watu waliopona kisha wakakutwa tena na virusi. Mamlaka za afya zilichunguza 285 kati yao na watu 790 waliokuwa nao karibu. Sampuli 108 zilipandwa kwenye seli. Haikuota hata moja, na hakukupatikana ushahidi kwamba waliambukiza mtu. Tarehe 27 Mei 2020 Shirika la Afya Duniani likaacha sharti la vipimo viwili hasi kabla ya mgonjwa kuachiwa. Likasema siku 10 tangu dalili zianze, na angalau siku tatu zaidi bila dalili, zinatosha.

Mwezi huohuo foleni ya malori Malaba, mpaka wa Kenya na Uganda, ilikuwa inapimwa kwa kilomita. Tarehe 16 Mei Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa abiria, na dereva wa mzigo akaruhusiwa kupita kwa sharti la kukutwa hana virusi. Dereva aliyeugua mafua madogo mwezi uliotangulia, akapona bila kujua alikuwa na nini, angeweza kukutwa na mabaki na kuzuiwa pamoja na mzigo wake, wakati mwenzake aliyeambukizwa jana angepita akiwa safi kwenye karatasi. Siwalaumu waliokuwa mpakani. Walikuwa na mashine ya kupima vipande, hawakuwa na wiki nzima ya kusubiri vipara.

Tanzania nako mjadala wa vipimo uliishia kwenye papai na mbuzi. Tarehe 3 Mei Rais John Magufuli alisema sampuli za vitu hivyo zilipelekwa maabara kwa majina ya watu, na nyingine zikarudi zikiwa na virusi. Watu wakagawanyika: kipimo kinadanganya, au hakidanganyi. Swali la kama kipimo kinachosema kweli kinajibu tulichokiuliza halikupata nafasi, na sidhani limepata mpaka leo.

Hata hivyo upande wa pili una hoja mbili ambazo sijaweza kuzivunja. Ya kwanza ni kwamba wagonjwa wa Munich walikuwa na ugonjwa mwepesi. Rotterdam, Uholanzi, walipofuatilia wagonjwa 129 waliolazwa, wengi wao mahututi, nusu ya wale ambao virusi vyao viliota walikuwa wameacha kutoa virusi vinavyoota kufikia siku ya nane, lakini mmoja alifika siku ya 20. Na wenye kinga dhaifu sana wamekutwa na virusi hai kwa miezi. Ukiweka siku 10 kuwa sheria, hao wanakupita.

Ya pili ni ya mwelekeo. Namba ya mzunguko wa 33 inaweza kuwa ya mtu anayemaliza ugonjwa, na inaweza kuwa ya mtu aliyeambukizwa juzi ambaye kesho kutwa atakuwa na 18. Kipimo kimoja hakisemi kama unapanda au unashuka. Vipara navyo havisemi: vingemwachia huyu wa pili aende zake, kwa sababu leo kweli hana cha kuotesha.

Kulikuwa na njia ya kati, kipimo cha haraka cha protini ya kirusi, kile cha kijiti chenye mistari miwili. Jaribio kubwa lilifanyika Liverpool, Uingereza, mwishoni mwa 2020. Watu 70 walikutwa na virusi kwa PCR. Kijiti kilikamata 28. Asilimia 40. Wapinzani wakasema huu ni utapeli, unawaambia wagonjwa sita kati ya kumi kwamba hawana kitu. Watetezi wakageuza jedwali: miongoni mwa wale wenye jeni nyingi kabisa, zaidi ya nakala milioni moja kwa mililita, kijiti kilikamata tisa kati ya kumi. Jaribio moja, namba zilezile, na kila upande ukarudi nyumbani umeshinda. Mimi nilikuwa na watetezi. Nikilisoma tena sasa naona kwamba wote walikuwa wanapigana bila kuwa na namba waliyoihitaji. Hakuna aliyezipanda sampuli za wale 42 kwenye seli kuona ni ngapi zingeota. Waliibashiri kutoka kwenye jeni, yaani walipima mizani kwa mizani.

Aliyekaribia kulijibu swali hilo alitumia pua za watu badala ya sahani. London, vijana 36 ambao hawakuwa wamechanjwa wala kuugua walikubali kutiwa virusi vya korona puani kwa makusudi, dozi iliyopimwa kwa kipimo ndugu cha vipara: unazimua mpaka nusu ya visima tu ndivyo vinaugua, na dozi inayofanya hivyo unaiita moja. Walitiwa kumi. Kwenye sahani dozi kumi za namna hiyo ni karibu hakika ya kuambukiza. Katika vijana 34 waliobaki kwenye hesabu, waliambukizwa 18. Virusi hai vilipatikana puani mwao kwa wastani mpaka siku ya 10 hivi, na jeni zikaendelea kuonekana baada ya hapo. Kwa hiyo ndiyo, mabaki yapo na yanadumu. Lakini pia sahani na pua havifanani, na aliyezoea kusema vipara ndivyo ukweli inabidi ameze mate.

Ebola inanisukuma mbali zaidi na nilikoanzia. Machi 2015, Liberia ilipokuwa karibu kutangaza mwisho wa mlipuko, alifariki mwanamke ambaye hakuwa karibu na mgonjwa yeyote. Mwenzi wake alikuwa amepona miezi kadhaa kabla. PCR iliona jeni za Ebola kwenye shahawa zake siku 199 tangu alipoanza kuugua, na zilipoonekana kufanana na zile za marehemu, njia ya maambukizi ikajulikana. Guinea, mlipuko wa 2021 ulionekana kutokana na kirusi cha miaka mitano nyuma. Kumwambia mtu kwamba hivyo ni vipande tu kungekuwa kosa la kuua.

Lakini hebu jiweke upande wa mwanamume aliyepona Kivu Kaskazini au Ituri, ambako mlipuko wa 2018 mpaka 2020 uligusa watu 3,470. Anaambiwa alete shahawa kila mwezi mpaka vipimo viwili mfululizo viwe hasi. Kwa baadhi ya waliopona, jeni zimeonekana kwa zaidi ya mwaka. Muda wote huo hajui kama ni hatari kwa mkewe au amebeba takataka. Kulijibu swali lake kunahitaji kukipanda kirusi kwenye seli hai, na kazi hiyo inaruhusiwa tu katika maabara za daraja la juu kabisa la usalama, ambazo Afrika ni chache mno, ya NICD, taasisi ya taifa ya magonjwa ya kuambukiza ya Afrika Kusini, mjini Johannesburg ikiwa mojawapo. Mashine ya jeni inakaa juu ya meza Beni au Butembo na kutoa jibu mchana huohuo. Kwa hiyo mjadala wa kipimo gani ni bora, kwa huyu mwanamume, umekwisha kuamuliwa na umbali.

Msimamo wangu, basi, baada ya kuzungukwa hivi: hesabu ya jeni iachiwe kazi ya kutafuta na kuonya, maana hapo kuzidisha ni kosa dogo. Ila isikae peke yake kwenye kiti cha hakimu. Ukitaka kumzuia mtu, kumnyima safari, kumtenga na mkewe, una wajibu wa kueleza ni kwa nini unaamini vipande hivyo vinaota: siku za ugonjwa, namba ya mzunguko, kipimo cha pili baada ya siku mbili kuona unapanda au unashuka. Si lazima kila wilaya iwe na zulia la seli. Inatosha sampuli chache zipandwe mahali panapowezekana, mapema kila ugonjwa mpya unapoingia, ili wengine wote wajue namba zao zina maana gani. Mwaka 2020 kazi hiyo ilifanywa Munich na Korea Kusini, na sisi tukaazima majibu.

Kwenye chanjo ubishi huu unapoa, kwa sababu hapo hakuna anayekubali kununua uzito wa gunia. Chanjo ya homa ya manjano ni kirusi hai kilichodhoofishwa, na Shirika la Afya Duniani linataka kila dozi iwe na angalau vipimo 1,000 vya uwezo wa kuambukiza, vinavyohesabiwa kwenye seli. Mwaka 2016 ugonjwa ulipotoka Angola na kuingia Kinshasa, chanjo haikutosha dunia nzima. Kilichookoa hali ni kitambaa: vichupa vilipopimwa vilikuwa na uhai mara nyingi kuliko kiwango cha chini, kiasi kwamba dozi ikikatwa tano kila kipande bado kinapita mstari. Agosti mwaka ule watu zaidi ya milioni saba walichanjwa Kinshasa kwa sehemu moja ya tano ya dozi. Baadaye Kilifi na Mbarara walifanya jaribio rasmi kwa watu 960, kwa chanjo za watengenezaji wote wanne waliokuwa wameidhinishwa, na moja ya tano ikaamsha kinga bila kuachwa nyuma na dozi kamili. Hesabu ya jeni peke yake isingempa mtu yeyote ujasiri wa kukata dozi mara tano.

Ingawa hata huku kuna kisa cha kunyamazisha wenye majivuno. Chanjo ya korona ya Oxford, ile iliyojaribiwa pia Kilifi, ilitumia kirusi cha aina ya adenovirusi kilichoondolewa uwezo wa kuzaana, na dozi yake ilipangwa kuwa chembe bilioni 50. Mwaka 2020 ilifika shehena kutoka kiwanda cha Italia. Kiwanda kilihesabu kwa jeni. Oxford walihesabu kwa kupitisha mwanga, na kiungo kimoja kwenye chanjo, polisobeti 80, kikaudanganya mwanga huo. Chembe zikaonekana nyingi kuliko zilizokuwemo. Wakapunguza, na watu zaidi ya elfu moja wakapata nusu ya dozi. Novemba wakatangaza kwamba nusu dozi ikifuatiwa na dozi kamili ilikinga kwa asilimia 90, na dozi mbili kamili asilimia 62, dunia ikabaki inakuna kichwa. Safari hii mizani ya jeni ndiyo iliyokuwa sahihi. Na kwenye kibandiko cha Ulaya chanjo hiyohiyo iliandikwa kwa kipimo cha uhai: si chini ya milioni 250 zenye uwezo wa kuingia kwenye seli. Gawanya mwenyewe, ni moja kati ya 200.

Nenda kliniki yoyote ya mama na mtoto siku ya chanjo ya surua. Nesi anachukua kichupa, anatazama stika yenye mraba ndani ya duara. Mraba ukiwa umekolea kama duara, joto limeshakula chanjo, anakiweka pembeni. Ukiwa bado mweupe, anachanganya unga na maji yake na kuandika saa juu ya kichupa kwa kalamu ya wino. Kuanzia hapo chembe zinapoteza uwezo haraka. Kwenye joto la nyuzi 22 mpaka 25, kama nusu yake huenda ndani ya saa moja, ndiyo sababu kichupa kinarudishwa kwenye sifongo ya boksi la barafu kila baada ya mtoto mmoja. Saa sita zikipita, anakitupa hata kama kimebaki cha watoto wanne, na akina mama waliochelewa wanaambiwa warudi siku nyingine. Wengine hununa. Chembe za virusi zimo bado humo ndani, na PCR ingeziona.